Mzinga Uliotunza Miguu ya Kamene

Wenzangu mliobaki katika chumba cha plasta mmeniomba niandike. Nimestaafu juzi tu, koti langu jeupe bado liko kwenye kamba ya nguo, na tayari mnaniona mtu wa kale. Haya. Sitasimulia nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini, maana mambo hayo hayajawahi kumfundisha mtu kufunga bandeji. Nitaeleza tulivyoanza, miaka ya thelathini, katika zahanati ya misheni upande wa Kwa Vonza, na nitakaa sana kwa mtoto mmoja na wazazi wake. Wengine wote niliowafunga miguu niliwafunga nikiwa na hao kichwani.

Mimi ni mtu wa milima ya Kilungu, upande wa Makueni. Nilivuka kuja Kitui nikiwa kijana aliyetoka shule ya misheni, kaptura imepigwa pasi, moyo umejaa hamu ya kushika sindano. Siku ya kwanza nilikabidhiwa ungo. Juu ya ungo kulikuwa na unga mweupe, na kando yake shashi iliyokatwa vipande virefu. Aliyenikabidhi alikuwa Mzee Musyimi, dresa mkuu, yaani mkubwa wa wafunga vidonda, mtu mfupi mwenye viganja vikubwa kuliko kimo chake kilivyostahili. Kazi aliisomea vitani, alipochukuliwa kuwa mpagazi wakati wa kupigana na Wajerumani. Huko watu walivunjika miguu kila siku, na waliojua kuifunga walikuwa wachache.

"Sugua hii unga iingie ndani ya kitambaa," akaniambia. "Ukimaliza, kunja. Usikaze sana, maji itakosa njia."

"Na sindano, Mzee?"

"Sindano iko na mwenyewe."

Nilisugua unga mpaka jioni. Nyinyi siku hizi mnapata bandeji ya plasta ikiwa tayari, imefungwa vizuri kwenye karatasi, kisha mnalalamika kwamba karatasi haichaniki upesi. Sisi tulizitengeneza kwa mikono, tukazitia kwenye madebe yaliyozibwa kwa nta, kwa sababu unga ule ukinusa unyevu tu umekwisha. Msimu wa mvua tuliukaanga kwenye sufuria ili urudi na nguvu. Mpishi wa misheni aliwahi kuuchukua akidhani ni unga wa ngano. Mkate wake tuliutumia muda mrefu kuzuia mlango usipigwe na upepo.

Musyimi hakuwa mtu wa hotuba. Alinifundisha kwanza kushika. Mguu wa mtoto mchanga, alisema, bado ni mbichi. Ukiuomba unakubali, ukiulazimisha unakataa. Unashika kisigino kwa mkono mmoja, unauelekeza mguu nje kidogo kwa mkono wa pili, unasimama pale unapogoma, unafunga hapo hapo. Wiki ijayo unafungua, unaomba kidogo tena. Mtoto awe ananyonya wakati huo. Mama aimbe, apige hadithi, amseme mumewe, lolote, mradi asilie, kwa sababu mama akilia mtoto naye hupiga mateke na plasta haimsubiri mtu. Unaanzia vidoleni, unapita juu ya goti lililokunjwa mpaka pajani. Ukiishia chini ya goti mtoto ataivua kama soksi na wazazi wataiacha njiani bila kujua. Vidole viachwe nje. Bonyeza ukucha, damu iondoke kisha irudi. Isiporudi, fungua plasta mara moja, hata kama aliyeifunga ni Daktari mwenyewe.

Daktari alikuwa Mzungu mmoja mrefu aliyezunguka zahanati nyingi kwa gari lake bovu, na kwetu alifika siku za soko. Alikuwa mtu wa haki, mkali kwa usafi, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kuamrisha, hata alipokuwa anaomba chai.

Ilikuwa siku ya soko walipokuja wanawake wawili, mkwe na mama mkwe. Yule kijana aliitwa Syombua. Yule mzee sikuwahi kulijua jina lake. Kila mtu alimwita Susu, yaani nyanya, na ilitosha. Mtoto alikuwa mgongoni mwa Syombua, amefunikwa hata pua haionekani.

"Wakya, Susu," nikamsalimu.

"Aa. Wewe ndiye wa kufunga miguu?"

"Ndiyo sisi."

"Basi sikia mapema. Tumekuja kufungwa, hatukuja kukatwa. Mkitoa kisu, sisi tunarudi nyumbani."

Syombua akamfunua mtoto. Miguu yote miwili ilikuwa imejikunja ndani, nyayo zikitazamana kama viganja vya mtu anayetaka kupiga makofi. Alikuwa msichana wa mwezi mmoja hivi, mnono, na hakuwa na habari kwamba ana shida yoyote. Susu akatuhesabia yaliyokuwa yakisemwa kijijini: kwamba mama alimcheka kiwete akiwa na mimba, kwamba baba alimpiga nyani mshale akamwacha afe vibaya, kwamba kuna kiapo cha ukoo ambacho hakijalipwa. Musyimi, aliyekuwa mzee wa kanisa, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akasema nyani wa Kitui ni wengi na wanaopigwa mishale ni wengi, lakini miguu ya namna hii hata kwa watu wasioshika upinde ipo.

"Anaitwa nani?" nikauliza.

"Kamene," akasema Syombua. Hilo ndilo neno pekee alilosema siku hiyo.

Kwa asiye wa kwetu nieleze. Kamene ni asiyependwa. Hupewa mtoto aliyezaliwa baada ya wengine kufa, ili kifo kikipita na kusikia anavyoitwa kimwone si kitu, kiende zake. Syombua alikuwa amezika wawili. Na huyo asiyependwa wao alikuwa amefungwa katika kitambaa safi kuliko nguo zote walizovaa hao waliomleta.

Tulimfunga, akanyonya, akalala kabla plasta haijakauka. Wiki iliyofuata walirudi. Kufungua kulikuwa hivi: tunachora mstari kwa siki mpaka plasta ilainike, halafu tunaikata taratibu kwa kisu butu, tunaipanua, mguu unatoka. Susu alinishika mkono wa kisu tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo niseme kazi ile tuliifanya wawili. Ganda likatoka zima. Ndani yake ulikuwa umebaki mguu wa Kamene kama ulivyokuwa, kila kidole na shimo lake, kila mkunjo wa unyayo. Syombua akanyoosha mkono kulichukua.

Sheria ya zahanati ilikuwa moja: chochote kitokacho mwilini mwa mgonjwa, kiwe bandeji, pamba au plasta, kinatupwa kwenye shimo nyuma ya jiko na kumwagiwa chokaa. Nikatupa. Syombua akaurudisha mkono wake. Susu akanifuata mpaka shimoni, akalitazama, akarudi. Wiki ya pili yakatoka maganda mengine, nayo yakaenda shimoni. Wiki ya tatu hawakuja.

Hawakuja soko lililofuata wala lile la baadaye. Musyimi alikuwa akitazama barabara huku akijidai anatazama kuku wa misheni. Mtoto aliyeachwa na plasta ya zamani anakua ndani yake, na ile plasta inambana. Akivuliwa plasta na kuachwa hivyo hivyo, mguu unarudi ulikotoka, na ukirudi unakuwa mkaidi kuliko mwanzo. Mtoto wa kike asiyeweza kusimama kwa nyayo zake, katika nchi ambayo maji yako mbali namna ile, mnajua maisha yake yatakuwaje. Asubuhi moja Musyimi akanipa kibuyu cha uji.

"Vuka Tiva," akasema. "Usiwahubirie. Uliza tu."

Mto Tiva ulikuwa mkavu, mchanga mtupu. Nilifika kwao jua likiwa kichwani. Nje ya boma alikuwa ameketi baba wa mtoto, Mutinda, ambaye nilikuwa sijawahi kumwona, anachonga mzinga wa nyuki kwa tezo. Alikuwa mtu mkimya, mwembamba, mkono mmoja umejaa makovu ya kuumwa na nyuki. Alinipa kigoda na maji kwanza, kwa sababu hasira haiondoi adabu. Nilipomaliza kunywa akaniuliza kama mimi ni Mkamba.

"Ni wa Kilungu, tata," nikamjibu, nikimwita baba kwa adabu.

"Basi wewe unajua. Mtu akitaka kuharibu mtoto wako, anatafuta nini? Nywele kidogo. Ukucha. Kitu kidogo tu cha mwili. Na nyinyi huko mnatoa mguu mzima, na vidole vyake vyote, mnatupa kwa shimo hapo nyuma, kila mtu anapita, hata mbwa." Aliweka tezo chini. "Mimi nimezika wawili. Huyu nimeambia mama yake, heri akae na miguu ya kupinda, lakini akae."

Nilikuwa na mengi ya kumjibu. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa nimebatizwa, na kichwani nilikuwa na somo zima kuhusu viini vya magonjwa. Nikamtazama Syombua, aliyekuwa amesimama kando ya ghala na mtoto mkononi. Walikuwa wamemlowesha plasta kwa maji ya kuchimba mchangani na kuitoa, na miguu ilikuwa imeanza kurudi ndani. Mama yule alikuwa ameishika miwili kwa mkono mmoja, akiielekeza nje kama alivyoniona mimi nikifanya. Nilihisi uchungu, na somo langu nikalimeza.

"Nikikurudishia yale maganda, mtakuja?" nikamwuliza Mutinda.

"Yote?"

"Yote."

"Na yale mengine yatatoka baadaye?"

"Hayo utapokea kwa mkono wako mwenyewe."

Akaokota tezo. "Lete kwanza," akasema.

Mnajua maana ya kuahidi kitu kilicho chini ya chokaa. Kesho yake niliingia shimoni na jembe. Nashukuru plasta haiozi wala haishiki moto, na miguu ya Kamene ilikuwa midogo kuliko yote iliyokuwa humo, kwa hiyo sikupata tabu kuitambua. Nilikuwa nimezama hadi kiunoni Daktari alipotokea akiwa na kiko chake mdomoni. Nilisahau kwamba ilikuwa siku ya soko.

"Kioko! Wewe natafuta nini hapo?"

"Miguu, Daktari."

Alinitazama kama anayetafuta kipimajoto. Nikamweleza yote, nikiwa bado shimoni, maana nilidhani nikitoka ataniambia nirudi Kilungu. Alivuta kiko mpaka kikazimika.

"Mimi nataka mtoto," akasema mwishowe. "Hapana nataka takataka. Osha na dawa, osha tena, halafu peleka."

Tangu siku hiyo Mutinda alikuja mwenyewe pamoja na mkewe. Kila ganda likitoka alilipokea kwa mikono miwili, analigeuza, analitia katika mfuko wa ngozi. Nikamwuliza anayaweka wapi. Akaniambia ameyatundika juu ya mti, ndani ya mzinga mtupu wenye alama ya ukoo wao. Musyimi alicheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikaona akili ya mtu yule. Ukambani mtu anaweza kukuibia mbuzi, mkakutana mbele ya wazee, akalipa, mkanywa pamoja. Lakini mzinga wenye alama ya mwenzio haufunguliwi. Anayeiba katika mzinga hapati wa kumtetea, hata ndugu yake. Tangu babu zetu hakuna sanduku la chuma lililowahi kulindwa namna hiyo, na nadhani hata mchawi aliona heri atafute kazi nyingine.

Hiyo kazi ya kila wiki msiione ndogo. Kumfunga mtoto ni kazi ya nusu saa. Kumtunza akiwa amefungwa ni ya mchana na usiku, na hiyo ilikuwa ya Syombua. Ngozi ya kumbebea mtoto haikuingia tena kwa sababu ya magoti yaliyokunjwa, basi Susu akashona nyingine pana. Mtoto hakuogeshwa, alipanguswa kwa mafuta. Mkojo ndio adui mkubwa wa plasta, na Syombua alijifunza kumsoma Kamene usoni, akamtoa mgongoni kabla mambo hayajaharibika. Alipochelewa, alitupasha habari mwenyewe kabla hatujanusa. Tiva ilipojaa walilala ng'ambo kwa jamaa zao mpaka maji yakapungua, wakaja wamelowa wao na mtoto ni mkavu.

Na miguu ikaja. Kwanza vidole gumba vilitoka ndani. Kisha nyayo zikaacha kutazamana, zikageuka chini, zikaanza hata kutazama nje kidogo, na ndivyo tunavyotaka, maana mguu ulionyooshwa hupenda kurudi nyuma hatua moja. Nilikuwa nimeanza kutembea kifua mbele katika zahanati ile. Halafu Daktari akamshika Kamene kisigino, akajaribu kukishusha, kikagoma. Ule mshipa wa nyuma ya kifundo ulikuwa umekaza kama uzi wa upinde. Akasema plasta imefikia mwisho wake. Lazima mshipa ukatwe, tundu dogo tu, halafu utajiunga wenyewe ukiwa mrefu zaidi. Bila hivyo Kamene atatembea kwa vidole, na vidole vitauvuta mguu wote urudi.

Susu alisimama kabla hatujamaliza kutafsiri.

"Nilisema siku ya kwanza," akatuambia. "Nilisema nini?"

"Ulisema hamkuja kukatwa, Susu," nikajibu.

"Basi."

Akaondoka mbele, na wengine wakamfuata, kwa sababu katika boma lile hakuna aliyewahi kumpita Susu njiani. Mutinda hakugeuka. Syombua aligeuka mara moja. Usiku ule Musyimi hakula, na mimi nilikula kidogo nikajuta.

Soko lililofuata, kabla Daktari hajafika, niliwakuta barazani. Mutinda alikuwa amekuja na mfuko wake wa ngozi, kumbe alikuwa amepanda mti alfajiri ile kuyatoa maganda mzingani. Susu alikuwa ameketi kwenye benchi, uso ameukunja. Bila kusalimu mtu, Syombua akaupokea mfuko kutoka kwa mumewe, akapiga magoti, akaanza kuyapanga maganda sakafuni moja baada ya jingine, kuanzia la kwanza nililolifukua mimi hadi la mwisho. Safu ikatoka ukuta hadi ukuta. Watu waliokuja na homa zao na vidonda vyao wakasogea kutazama. Nilikuwa nimefunga kila moja kwa mikono yangu, lakini sikuwahi kuyaona pamoja.

"Mwaitu," akamwambia mama mkwe wake, "tazama. Hii ndiyo miguu tulikuja nayo. Hapa kidole kimetoka. Hapa unyayo umegeuka. Hapa umekuwa sawa." Akarudi mwanzo wa safu, akatia kidole nyuma ya ganda la kwanza. "Sasa angalia kisigino. Hii, kiko juu. Hii, kiko juu. Hii ya mwisho, bado kiko juu. Vitu vyote vimekubali, kisigino kimekataa. Wamekiomba, mwaitu. Mimi pia nimekiomba."

Susu akainuka. Akaliokota ganda la mwisho, akalishika karibu na jicho, akaingiza kidole pale kisigino kilipokuwa, akakipima na cha ganda la kwanza.

"Hiyo kisu," akasema baadaye, "ni kubwa namna gani?"

Musyimi akakileta kwenye bakuli. Kilikuwa chembamba kama jani la nyasi.

"Hii? Hii hata kuku haiwezi kuchinja." Akalirudisha ganda mahali pake katika safu. "Fanyeni. Lakini mimi niko ndani, na nitaangalia."

Alikuwa ndani, na aliangalia, karibu sana hivi kwamba Daktari alifanya kazi yake huku kitambaa cha Susu kikimgusa shavu. Kamene alilia kilio kimoja cha hasira. Nilikuwa nimemshika mguu, na nikausikia mshipa ukiachia, kisigino kikashuka mkononi mwangu chenyewe, bila kulazimishwa. Sijui kama nitawaeleza vizuri furaha ile. Nimefanya kazi miaka mingi baada ya hapo na bado kiganja hiki kinaikumbuka. Lilitoka tone moja la damu kila upande. Susu alilipangusa kwa ncha ya nguo yake, akaifunga fundo, na hakuna mtu aliyemwambia habari ya shimo.

Hapo ndipo madaktari wengi hufikiri kazi imeisha. Wiki kadhaa baadaye tulitoa plasta ya mwisho, na ikaanza ile sehemu ambayo sisi wa chumba cha plasta hatuisimulii kwa sababu hatukuwepo. Kamene alipaswa kulala kila usiku amevaa viatu viwili vilivyopigiliwa kwenye ubao mmoja, vidole vikitazama nje, mpaka awe mkubwa wa kuchunga mbuzi. Ubao aliuchonga Mutinda, akaulainisha kuliko mzinga wowote. Mtoto aliuchukia. Kila jioni alilia, na kila jioni Syombua alimvalisha, na majirani wakasema mama huyu ana moyo wa jiwe, anamfunga mtoto kama mwizi. Yeye aliwajibu kwamba anayemwonea Kamene huruma aje alale naye na amsikilize. Hakuja mtu.

Mvua ilipokosekana walihamia kaskazini, Kyuso, kwa kaka yake Syombua aliyelima pojo huko. Viatu vikawa vidogo, na zahanati iko mbali. Mutinda akaenda kwa mwenye duka mmoja Mwislamu, mtu wa ng'ombe aliyetoka kaskazini mashariki, akamweleza. Yule bwana alimtazama mtoto, akaingia ndani, akatoka na kipande cha ngozi laini ya ndama, akakaa naye chini wakashona pamoja. Hata hivyo waliporudi, mguu wa kushoto ulikuwa umeanza kuchungulia ndani. Tukaufunga upya mara chache, ukatii. Syombua alikuwa na hofu kwamba tutamlaumu. Musyimi akamwambia kwamba amewaona askari wazima walioshindwa kuvaa buti zao kwa amri ya afisa, na yeye amemvalisha mtoto viatu miaka yote hii bila hata filimbi.

Vijana, mkitaka nasaha yangu ya kazi, ni hiyo. Mikono yetu inashika mguu kwa muda mfupi, kisha unarudi nyumbani. Muulizeni mzazi anaogopa nini kabla hamjamwambia afanye nini, na mkimwuliza, ngojeni jibu. Mengine yote yamo kwenye vitabu vyenu.

Halafu zikapita siku nyingi tusiwaone. Katika kazi hii hilo si jambo baya. Mgonjwa aliyepona hana sababu ya kukupitia. Lakini nitawaambia ukweli, mara nyingine nilijiuliza. Kisha, siku moja ya soko, Syombua akaingia peke yake, mtoto mwingine wa kiume mgongoni, miguu yake imenyooka inaning'inia kila upande. Alikuwa amekasirika. Sikuwahi kumwona hivyo. Aliketi mbele ya Musyimi kama mtu aliyekuja kushtaki.

"Mzee, nipe dawa."

"Ya nini, mama?"

"Ya Kamene. Ile mtoto imenishinda. Hatulii! Nikimtuma maji, anapitia kwa kila boma. Nikimwambia chunga mbuzi, yeye na wale watoto wengine wanashindana kukimbia, mbuzi wanabaki kwa shamba ya watu. Sasa jana ametoka asubuhi, hakuaga mtu, nimemtafuta mpaka nimechoka. Kumbe amevuka Tiva yote, ameenda kwa shangazi yake ng'ambo! Nimemchapa. Nimemchapa na bado anacheka. Lazima kuna dawa ya kufanya mtoto akae chini."

"Ng'ambo ya Tiva," akasema Musyimi polepole. "Huko alifikaje?"

"Kwa miguu yake!" Syombua akamjibu kwa ukali. "Angefikaje?"

Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe. Akavuta nguo yake akajifunika uso, na mabega yakaanza kumtikisika, na hatukujua kama anacheka au analia mpaka tuliposikia yote mawili. Musyimi alitoka nje akasema anaangalia mvua, na mbingu haikuwa na wingu hata moja. Mimi nilibaki naye nikalia waziwazi, mbele ya foleni nzima ya wagonjwa, wala sikuona haya.

Dawa hatukumpa. Hatukuwa nayo, na kama ingekuwepo kabatini, ningeimwaga.